Bima ya Kompyuta ya Mjomba

Mimi ni fundi cherehani. Ukiniletea kitambaa cha mita mbili ukataka gauni la mita tatu, nitakwambia hapo hapo hakitoshi, hata kama siku hiyo sijapata mteja mwingine. Sijui kuficha. Ndiyo maana nikiikumbuka ile fomu ya bima napandwa na hasira upya, maana niliijaza kwa ukweli mtupu, mstari kwa mstari, na ukweli wenyewe nusura umrudishe binti yangu nyumbani bila shahada.

Nilizaliwa Tunduru, Myao wa baba na mama, ila nimekaa Songea tangu nilipoolewa. Fremu yangu ya kushonea iko Msamala. Mume wangu alifariki binti yetu akiwa darasa la tatu. Nilibaki na huyo mtoto mmoja, cherehani, na kaka yangu mkubwa kule Tunduru, mkulima wa korosho. Kwetu Wayao dada na watoto wao huitwa mbumba, na kaka ndiye mwenye mbumba. Mtoto wangu akiugua, kaka anaambiwa. Akichumbiwa, posa inapita kwake. Hilo halikuandikwa popote, na wala hatukuwahi kuona haja ya kuliandika.

Binti alipochaguliwa kwenda chuo Dodoma, kaka alikuja Songea na kompyuta imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Tuliitana ndugu wachache, tukasoma dua, akamkabidhi mbele ya watu. "Kasome," alimwambia. Hakuongeza neno. Binti aliipokea kwa mikono miwili, akapiga magoti.

Sasa, kwetu kitu ulichopewa na mjomba hukigeuzi kikawa chako hivi hivi. Utakitumia mpaka kiishe, lakini kikitajwa kitatajwa kwa jina lake: baiskeli ya mjomba, redio ya mjomba. Hata cherehani ninayoshonea nilipewa na mjomba wangu, ambaye ametangulia mbele ya haki miaka mingi, na wateja wakiisifia nawaambia, ya mjomba hii. Ndivyo nilivyolelewa. Kwa hiyo kompyuta ile nayo ikaitwa ya mjomba, na binti nikampa masharti kabla hajapanda basi: usiazimishe watu kompyuta ya mjomba, usitembee nayo barabarani, ukienda darasani ifungie ndani.

Bima ilikuja yenyewe. Ilikuwa likizo kabla ya mwaka wa tatu, binti yuko nyumbani, ananisaidia kupindia mashati ya shule. Akaingia msichana nadhifu, begi begani, akasema kampuni yao inawakatia bima wanafunzi wanaoishi mbali na nyumbani. Mali zao zikiibwa au zikiungua, wanalipwa. Nilimsikiliza huku nashona. Nilimwuliza maswali mpaka akakaa kwenye stuli. Mwisho nikaona si jambo baya. Mtoto anakaa chumba cha kupanga nje ya chuo, na dunia hii si ya kuamini kufuli. Nikalipa, nikapewa fomu, na kijitabu chenye jalada gumu la kung'aa.

Fomu nilijaza mwenyewe. Mwandiko wangu mzuri, najisifu kwa hilo. Palikuwa na orodha ya mali, na mbele ya kila mali wanauliza mmiliki ni nani. Godoro, nikaandika jina la binti. Jiko dogo la gesi, jina la binti. Pasi, jina la binti. Nilipofika kwenye kompyuta nikaandika jina la kaka yangu, majina yote matatu.

Binti alikuwa amesimama nyuma yangu anachungulia. "Mama, andika la kwangu."

"Tangu lini kitu cha mjomba wako kikawa chako?"

"Si ninayeitumia ni mimi? Na bima ni ya vitu vyangu."

"Ulipeleka wewe korosho mnadani? Ulipuliza wewe mikorosho?" Nilimkazia macho mpaka akacheka, akarudi kwenye mashati yake. Yule wa bima naye alitabasamu tu, wala hakutia neno. Jamani, si angetia neno! Kazi yake ilikuwa nini pale?

Chini kabisa wakauliza jina la mzazi. Nikaandika langu. Halafu wakauliza jina la mlezi. Nikawaza: mlezi ni wa yatima, mtoto aliyefiwa na wazazi wote akachukuliwa na watu, na huyu mama yake mimi hapa, mzima wa afya. Nikaandika HANA, kwa herufi kubwa ili wasije wakanisumbua. Nikasaini.

Binti akarudi Dodoma. Miezi ikapita. Ikaingia Juni na baridi ya Songea unayoijua, ile ya kushona umevaa sweta na vidole havitaki kushika sindano. Asubuhi moja simu ikaita. Binti. Hakusalimia.

"Mama, wamevunja dirisha."

Walikuwa darasani yeye na wenzake, waliporudi wakakuta nondo zimepindwa. Jiko la gesi lipo. Pasi ipo. Kompyuta haipo.

"Si nilikwambia uifungie ndani?" Hilo ndilo neno la kwanza lililonitoka, Mungu anisamehe.

"Niliifungia ndani, mama. Ungeniruhusu kutembea nayo ningekuwa nayo darasani."

Nilikuwa na jibu, ila halikuwa zuri. Halafu akaniambia lililokuwa baya zaidi. Utafiti wake wa mwisho ulitakiwa kukusanywa Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Sura tatu alikuwa amezihifadhi kwenye flashi. Mbili zilizobaki, pamoja na majedwali yote, alitakiwa kuziandika sasa. Wenzake nao walikuwa wanaandika za kwao, hakuna aliyekuwa na kompyuta ya kumwazima zaidi ya nusu saa. Asipokusanya anaahirisha mwaka. Kuahirisha mwaka kwa mtoto wa fundi cherehani si kuahirisha, ni kuacha. Yeye alilijua hilo, na mimi nililijua, hakuna aliyelisema.

"Tulia," nilimwambia. "Tuna bima. Wewe nenda polisi, chukua RB, unitumie. Na mjomba wako asiambiwe."

"Mama, mjomba si..."

"Asiambiwe! Tutaipata nyingine, ataona ile ile. Anapuliza dawa shambani saa hizi, usimtie presha."

Alinijibu "Haya," neno moja, kavu. Tangu siku ile kila nikimpigia alikuwa ananijibu kwa maneno makavu hivyo hivyo. Sura ya nne akaanza kuiandika kwenye simu, kwa kidole gumba.

Ofisi ya bima iko mjini, ghorofani. Nilipanda zile ngazi mara nne katika wiki mbili na nusu. Mara ya kwanza walitaka RB yenye muhuri unaosomeka, maana ule wa kwanza ulikuwa umefifia kwenye picha. Nikaleta. Mara ya pili walitaka risiti ya dukani. Risiti! Nikampigia mke wa kaka kwa siri, akaitafuta ndani ya sanduku, akaipiga picha akanitumia. Nikaleta. Mara ya tatu mtandao ulikuwa chini, na walinzi wakaniambia nisikae kwenye ngazi, nazuia wateja. Mimi ni nani kama si mteja? Nilibwata pale mpaka mzee mmoja aliyekuja kulipia pikipiki akaniambia, "Mama, punguza, utaanguka." Nikamwambia nikianguka humu nitadai bima. Alicheka. Mimi sikucheka.

Mara ya nne alikuwepo yule yule msichana wa begi, sasa amekaa nyuma ya meza. "Shikamoo mama." "Marahaba." Akafungua fomu yangu, akaisoma, uso ukamshuka.

"Mama, dai limekataliwa."

"Limekataliwa na nani?"

"Kompyuta ina mmiliki mwingine. Huyu bwana si mwanafunzi, si mzazi, na hapa chini umeandika mlezi hana. Kwa kampuni huyu ni mtu baki. Hatuwezi kulipa mali ya mtu baki."

Mtu baki! Kaka yangu aliyenibeba mgongoni kuvuka mto nikiwa mdogo, leo mtu baki kwenye karatasi ya watu ambao hawajui hata anafananaje. Nilimwuliza siku ile pale Msamala macho yake yalikuwa yanaangalia nini. Akasema hawaruhusiwi kumwambia mteja cha kuandika. Haya sasa. Cha kulipa wanaruhusiwa kukwambia, cha kuandika hawaruhusiwi.

Lakini alinihurumia, nadhani, kwa sababu alipiga chapa karatasi moja akanipa. "Huyu bwana asaini hapa, apigiwe muhuri na mtendaji wa kijiji, mama uilete kabla ya Jumatano. Tutajaribu kuihesabu kompyuta ni ya mwanafunzi. Msibadilishe hata nukta." Akanipa na nakala ya fomu yangu ya mwanzo, viende pamoja.

Karatasi ilisema hivi: mimi fulani nathibitisha kwamba sina uhusiano, umiliki wala madai yoyote juu ya mteja aliyetajwa na mali zake. Niliisoma mara mbili nikiwa bado kwenye ngazi. Ilikuwa Ijumaa. Ijumaa iliyofuata ndiyo ya kukusanya utafiti.

Jumamosi alfajiri nilipanda basi la Tunduru, na huko nikachukua bodaboda hadi kijijini. Mficha maradhi kifo humuumbua. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, nayapangua. Nilimkuta kaka shambani na mashine ya kupulizia mgongoni, kichwa kimefungwa kitambaa, kope na nyusi zimejaa unga wa njano wa salfa. Aliponiona alizima mashine.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa." Nikamweleza. Yote, kwa pupa, nimesimama juani na baibui langu jeusi. Kompyuta, dirisha, utafiti, bima, Ijumaa. Nilimwambia ni saini tu, kaka, jambo dogo, nikamkunjulia karatasi.

Hakuipokea. Alikwenda kwenye ndoo, akanawa mikono polepole, akajifuta, akakaa kwenye gogo. Ndipo akanyoosha mkono. Aliisoma ile ya ofisi midomo ikicheza. Halafu akachukua na nakala ya fomu, akaisoma nayo kuanzia juu. Alipofika kwenye kompyuta akagonga jina lake kwa kidole. Akashuka. Alipofika chini hakugonga.

"Mwandiko huu wa nani?"

"Wangu."

"Kwenye kompyuta umeniandika. Majina yote matatu." Hakupandisha sauti. "Kwenye mtoto umeandika hana."

Wallahi, ningependa angenipiga. Nilianza kueleza habari za yatima, kwamba mlezi kwa maana ya serikali, kwamba karatasi ni karatasi tu. Kila neno nililotoa lilikuwa linazidi kuniharibia.

"Na siku ngapi tangu aibiwe?"

"Wiki tatu, kaka."

"Wiki tatu mtoto wangu ana msiba, mimi nakula nalala." Akatoa simu mfukoni, akampigia binti mbele yangu. Nilisikia sauti yake nyembamba kule ndani, "Shikamoo mjomba." Kaka akamwambia, "Mwanangu, pole. Nimesikia leo." Basi. Hakuuliza kuhusu kompyuta. Na binti yangu, ambaye kwa wiki tatu alinijibu mimi kwa maneno makavu, alianza kulia. Alilia kwa kwikwi, kaka amekaa kwenye gogo anasema "Naam, naam, lia." Nilitazama pembeni, kwenye mikorosho.

Alipomaliza, nikamsogezea tena ile karatasi ya ofisi. "Kaka, tafadhali. Saini. Mtoto atakosa shahada."

"Sisaini hii."

"Ni maneno ya ofisini tu!"

"Inasema sina uhusiano naye. Nikisaini leo kwa ajili ya kompyuta, kesho nitasimamaje kwenye ndoa yake?"

Nilimsihi. Nililia, kisha nikakasirika, nikamwambia kiburi chake kitamponza mtoto, kwamba Jumatano haingoji mila. Kaka aliniachia nikaishiwa. Halafu akamtuma mkewe alete daftari, akachana karatasi katikati, akaandika mwenyewe kwa mwandiko wake mkubwa wa kuegemea nyuma. Nilisimama begani kwake nasoma. Niliomba aondoe hata mstari mmoja. Alikataa.

Aliandika: "Mimi ni mjomba wa mtoto huyu. Baba yake alipofariki nilimchukua mimi, ijapokuwa analala kwa mama yake. Shule nimemsomesha mimi, na ndoa yake nitaisimamia mimi. Kompyuta niliinunua mimi ili asome. Akiibiwa yeye nimeibiwa mimi. Atakayesema mtoto huyu hana mtu, aje nyumbani kwangu."

Jumatatu mtendaji alipofungua ofisi, kaka alikuwa wa kwanza mlangoni. Mtendaji alisoma, akamtazama kaka, akapiga muhuri bila swali. Mimi nikapanda basi la kurudi na barua ile kwenye mkoba, na ile ya ofisi haina saini. Nilijua nimekwisha. Wameniambia nisibadilishe nukta, na mimi nawaletea barua nzima ya ubishi. Njia nzima nilikuwa nahesabu watu wenye kompyuta ninaoweza kuwaangukia miguuni.

Jumanne nilipanda zile ngazi mara ya tano. Nilimwekea yule msichana barua mezani, nikamwambia kabla hajafungua mdomo, "Amekataa kusaini ya kwenu. Usiniulize." Akaisoma. Akairudia. Akainuka akaingia ndani kwa mkubwa wake, akarudi na kijitabu chenye jalada la kung'aa, anapekua.

"Mama," alisema, "mbona hukusema kwamba ndiye mlezi?"

"Nani?"

"Huyu mjomba. Bima inalipa mali ya mwanafunzi, au ya mzazi wake, au ya mlezi wake, mradi mwanafunzi ndiye anayeitumia. Hii hapa, ukurasa wa sita. Barua hii na muhuri wa mtendaji vinatosha."

"Ukurasa wa sita wa nini?"

"Wa kijitabu. Ulipewa siku ile ile uliyojiunga."

Nikakikumbuka. Astaghfirullah. Karatasi zake zilikuwa ngumu, nzuri, na mimi mwezi ule nilikuwa na oda ya mashati ya shule. Nilizikata vipimo vya kola. Ukurasa wa sita nilikuwa nao miezi yote ile, umening'inia ukutani kwenye msumari, umekatwa umbo la kola ya mtoto wa darasa la nne. Sikumwambia. Nilimgeuzia kibao: "Na wewe kwa nini hukunieleza juzi, ukanipa karatasi ya kumkana?"

"Mama, fomu yako ilisema hana."

Kompyuta mpya ilimfikia Dodoma Jumatano jioni, maana kwa kulipa si wabaya, ni kuulizana tu ndiko kunakowashinda. Binti alikusanya utafiti wake Ijumaa, zikiwa zimebaki dakika chache wafunge mlango, na simu ya kwanza alimpigia mjomba wake. Mimi alinipigia ya pili. Nilikubali. Nilistahili ya pili.

Lakini ile Jumanne kabla sijaondoka yule msichana alinisogezea fomu yangu ya mwanzo na kalamu. Alisema faili halifungwi mpaka nirekebishe kwa mkono wangu, nikate kwa mstari mmoja na kusaini pembeni. Nikalitafuta lile neno. Lilikuwa pale chini, herufi kubwa, mwandiko mzuri ninaojisifia. Mkono huu hukata kitenge bila kuchora, lakini kuupitisha mstari ule ilibidi nianze mara mbili. Nikaandika jina la kaka juu yake.

"Na uhusiano wake na mwanafunzi, mama?"

"Andika kama alivyoandika kwenye barua."

"Yote?"

"Yote."

Alitazama kile kijisanduku kidogo. "Nafasi haitoshi, mama."

"Basi geuza karatasi," nilimwambia, "uandike nyuma."